Mwepu Ilunga: Beki aliyeijua sheria, dunia ikamcheka

KILA fainali za Kombe la Dunia zinapokaribia, kuna kipande kifupi cha picha ambacho hurudi tena kwenye luninga na katika simu za mkononi. Beki aliyevaa jezi ya kijani anachomoka kutoka kwenye ukuta wa wenzake, anaukimbilia mpira ambao Wabrazili wameutenga kwa ajili ya mkwaju wa adhabu, na kabla hawajaugusa anaubutua kwa nguvu zake zote kuelekea upande wa pili wa uwanja. Wabrazili wanabaki wameduwaa. Mwamuzi anamwendea beki yule na kumwonyesha kadi ya njano.

Watazamaji hucheka. Wamekuwa wakicheka kwa zaidi ya miaka 50, kuanzia waliokuwapo uwanjani Gelsenkirchen, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi, Juni 22, 1974, hadi kijana wa Moshi anayekiona kipande hicho leo kwenye simu yake. Tafsiri iliyoenea ni moja, kwamba Mwafrika yule hakuzijua sheria za mchezo aliokuwa akiucheza.

Jina lake lilikuwa Mwepu Ilunga. Wakati anaupiga mpira ule alikuwa bingwa wa Afrika, beki wa kulia wa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Jangwa la Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia, na mchezaji wa klabu iliyokuwa imekwishacheza fainali nne mfululizo za ubingwa wa klabu barani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa hajui mkwaju wa adhabu ni nini. Sababu ya kuupiga mpira ule inapatikana katika maisha yake na katika nchi iliyomtuma.

Mtoto wa soka ya Lubumbashi

Mwepu alizaliwa Agosti 22, 1949, wakati Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji. Jina lake la ubatizo lilikuwa Joseph. Maisha yake ya soka yanahusishwa na Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga, mji wa machimbo ya shaba ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, mgodini na uwanjani.

Klabu yake ilikuwa Tout Puissant Englebert, ambayo Watanzania wa leo wanaifahamu zaidi kwa jina la TP Mazembe. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari wa shirika la Wabenediktini. Ilipofika miaka ya 1960 ilikuwa miongoni mwa timu za kuogopwa kuliko zote barani. Ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967, ikalitetea mwaka 1968, kisha ikafika fainali za mwaka 1969 na 1970 na kushindwa na Ismaily ya Misri na Asante Kotoko ya Ghana.

Timu ya taifa nayo haikuwa nyuma. Mwaka 1968, katika fainali zilizofanyika Ethiopia, Kongo iliifunga Ghana bao 1-0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mfungaji wa bao hilo, Pierre Kalala, alikuwa mchezaji wa Englebert.

Huko ndiko Mwepu alikokomaa. Alikuwa beki wa pembeni asiyeogopa kugongana na mtu, aliyecheza katika safu moja na wenzake wa klabuni, akiwamo Bwanga Tshimen, ambaye mwaka 1973 alichaguliwa Mwanasoka Bora wa Afrika licha ya kuwa mlinzi. Nyuma yao alisimama kipa Kazadi Mwamba, naye wa Lubumbashi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ngome ya timu ya taifa ilikuwa ngome ya klabu moja, iliyozoea kushinda.

Soka mikononi mwa dola

Wakati Mwepu anainukia kisoka, nchi ilikuwa mikononi mwa Joseph-Désiré Mobutu, mwanajeshi aliyetwaa madaraka Novemba 1965. Mobutu alitambua mapema kwamba mpira wa miguu unaweza kuitangaza nchi kuliko mabalozi. Aliwarejesha nyumbani baadhi ya Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, na waliokuwa ndani akawazuia kwenda kutafuta riziki ya kandanda nje. Timu ya taifa ikaitwa Chui.

Oktoba 1971 nchi ilibadilishwa jina ikawa Zaire. Mwaka uliofuata, katika siasa ya kurejea asili ya Mwafrika, majina ya Kizungu yakapigwa marufuku. Joseph Mwepu akabaki Mwepu Ilunga. Katanga ikaitwa Shaba.

Kwa wachezaji, mapenzi hayo ya dola yalikuwa na sura mbili. Walitunzwa, wakasafirishwa, wakaalikwa ikulu. Lakini hawakuwa na haki ya kuuza vipaji vyao kwa anayewataka. Beki wa daraja la Mwepu, ambaye katika nchi nyingine angeweza kufuatwa na klabu za Ufaransa au Ubelgiji, alibaki kuutegemea mkono wa wakubwa. Mkono huo ungeweza kutoa, na ungeweza pia kufumbwa bila mtu wa kuuhoji.

Mwaka wa neema

Safari ya kwenda Ujerumani Magharibi haikuwa nyepesi. Afrika nzima ilikuwa na nafasi moja tu. Zaire iliziondoa Togo, Cameroon na Ghana, kisha ikaingia katika kundi la mwisho pamoja na Zambia na Morocco. Iliifunga Zambia nyumbani na ugenini. Desemba 1973, mjini Kinshasa, ikaichapa Morocco mabao 3-0, na Morocco, ikilalamikia uamuzi, ikagoma kucheza mchezo wa marudiano. Zaire ikafuzu.

Miezi mitatu baadaye Chui walikwenda Misri kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika. Waliwatoa wenyeji katika nusu fainali kwa mabao 3-2. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha kwa sare ya mabao 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, Machi 14, 1974, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na mabao tisa, rekodi ambayo iliendelea kudumu kwa miongo mingi.

Waliporudi nyumbani walipokewa kama wafalme. Inaelezwa kwamba kila mchezaji alizawadiwa nyumba na gari aina ya Volkswagen. Vijana hao waliamini kwamba umaskini umekwisha na kwamba, baada ya Ujerumani, watarudi wakiwa matajiri. Mwepu alikuwa hajatimiza miaka 25.

Siku nane za Ujerumani

Mchezo wa kwanza ulichezwa Dortmund Juni 14 dhidi ya Scotland. Zaire walifungwa mabao 2-0, yaliyotiwa wavuni na Peter Lorimer na Joe Jordan, lakini walicheza kandanda ya kuvutia na hawakuonyesha woga. Kwa timu iliyokuwa ikicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, matokeo hayo hayakuwa aibu.

Mambo yaliharibika nje ya uwanja. Kwa mujibu wa simulizi za wachezaji wenyewe, akiwamo Mwepu, ndipo walipobaini kwamba posho na marupurupu waliyoahidiwa hayatalipwa. Fedha zilikuwa zimeishia kwa wakubwa waliofuatana na msafara. Wachezaji wakatishia kugoma. Mwishowe walishawishiwa kuingia uwanjani, lakini waliingia miili tu, mioyo ikiwa imebaki hotelini.

Juni 18, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia iliwafunga mabao 9-0. Baada ya bao la tatu, kipa Kazadi alitolewa katika dakika ya 21 na nafasi yake kuchukuliwa na Tubilandu Ndimbi, ambaye muda mfupi baadaye aliuokota mpira wavuni. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, alikuwa mwenyewe raia wa Yugoslavia, kipa wa zamani wa nchi hiyo aliyeshinda nayo medali ya dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 1960. Minong'ono ya usaliti ikazagaa, ingawa inasimuliwa pia kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa kiongozi wa msafara.

Katika mchezo huo Mwepu alifanya jambo ambalo halikumpa sifa. Wakati Wazaire wakilizingira kundi la waamuzi kulalamikia bao la nne, mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alipigwa teke kwa nyuma. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu. Delgado, katika mtafaruku ule, akamtoa kwa kadi nyekundu Ndaye Mulamba, mfungaji bora wa Afrika, ambaye hakuwa amefanya kosa. Mwepu akabaki uwanjani, na mwenzake akaubeba mzigo usiokuwa wake.

Tukio hilo huwa halionyeshwi mara kwa mara, lakini ni muhimu katika kumwelewa mtu huyu. Hasira ya Mwepu haikuanzia kwenye mkwaju wa adhabu wa Brazil. Ilikuwa imeanza kuchemka siku nne kabla.

Mpira uliotengwa

Kipigo cha mabao tisa kilimkasirisha Mobutu. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walinzi wa rais walifika hotelini, wakawafungia milango waandishi wa habari na kuwaeleza wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, hakuna atakayerudi nyumbani. Haikuwa nchi ambayo mtu angeweza kulichukulia onyo kama hilo kuwa mzaha.

Kwa bahati mbaya, Brazil nao walikuwa na hesabu zao. Mabingwa hao wa dunia wa mwaka 1970, chini ya kocha Mário Zagallo, walikuwa wametoka sare ya bila kufungana na Yugoslavia na pia na Scotland. Ili wasonge mbele bila kutegemea huruma ya mtu, walihitaji kuifunga Zaire mabao matatu. Hivyo uwanja mmoja ulikuwa na timu mbili zinazoliangalia bao la tatu kwa macho tofauti: mmoja hawezi kuishi bila hilo, na mwingine anajua kwamba baada ya hilo hakuna tena nafasi ya kukosea.

Jairzinho alifunga la kwanza mapema, Rivelino akaongeza la pili katika kipindi cha pili, na Valdomiro akafunga la tatu zikiwa zimebaki takriban dakika 10. Matokeo yakabaki 3-0. Scotland, waliotoka sare ya bao 1-1 na Yugoslavia siku hiyo hiyo, wakaondolewa kwa tofauti ya bao moja bila kupoteza hata mchezo mmoja.

Ni katika kipindi cha pili cha mchezo huo ambapo mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania aliamuru mkwaju wa adhabu karibu na eneo la hatari la Zaire. Wabrazili walikuwa mabingwa wa mikwaju ya aina hiyo, na Rivelino alikuwa na mguu wa kushoto ulioogopwa na makipa wa dunia nzima. Filimbi ikalia. Mwepu akatoka mbio.

Sheria iko wazi. Wapinzani wanatakiwa kukaa umbali wa mita 9.15 hadi mpira utakapochezwa na aliyepewa adhabu. Anayeikiuka huonyeshwa kadi, na mkwaju hurudiwa. Ndivyo ilivyokuwa. Mtangazaji mmoja wa Uingereza alilihusisha tukio hilo na ujinga wa Waafrika, na hukumu hiyo ikaenea duniani kabla aliyehukumiwa hajaulizwa.

Alipoulizwa mwishowe, katika mahojiano na BBC, Mwepu alieleza kwamba alifanya makusudi. Sheria alizifahamu vyema. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani ilhali watakaonufaika wamekaa jukwaani wakitazama, na alitarajia kutolewa kwa kadi nyekundu. Mwamuzi ndiye aliyekuwa mpole. Katika maelezo mengine alisisitiza zaidi suala la muda, kwamba alikuwa akizipoteza sekunde ili mabao yasiongezeke na vitisho vya Kinshasa visitimie.

Wapo wanaozitumia tofauti hizo kumtilia shaka. Lakini maelezo hayo mawili hayapingani. Mtu aliyedhulumiwa posho yake na kutishiwa maisha yake ndani ya wiki moja anaweza kuupiga mpira kwa sababu zote mbili kwa pamoja. Maelezo ambayo hayasimami ni yale ya ujinga.

Baada ya kelele

Hakuna aliyezuiwa kurudi nyumbani, lakini hakukuwa tena na mapokezi ya wafalme. Mobutu alihamishia macho yake kwingine. Oktoba 30, 1974, miezi minne tu baada ya wachezaji kukosa posho zao, Kinshasa ilikuwa mwenyeji wa pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, ambapo kila bondia aliahidiwa dola milioni tano za Marekani. Fedha za kuitangaza nchi zilikuwapo. Wana wa nchi ndio waliozikosa.

Kizazi kile cha Chui kikaanza kusahauliwa. Mlango wa kucheza nje uliendelea kuwa mgumu hadi umri ukawapita wengi wao. Ndaye Mulamba alipigwa risasi na majambazi mwaka 1994, akakimbilia Afrika Kusini kuishi kama mkimbizi, na mwaka 1998, wakati wa fainali za Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, ilitangazwa kimakosa kwamba amefariki, uwanja mzima ukasimama kumkumbuka mtu aliyekuwa hai. Alifariki dunia kweli Januari 2019.

Mwepu aliishi maisha ya dhiki. Alieleza kwamba yeye na wenzake walitarajia kuwa mamilionea, lakini akajikuta anaishi kama mtu asiye na makazi. Alifikia hatua ya kujuta kwamba alicheza mpira, akisema bora angekuwa mkulima.

Kauli hiyo si ngeni kwa wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro. Mzee wa Kibosho au Marangu anajua thamani ya kihamba: ni ardhi iliyotoka kwa babu, ina migomba na kahawa, na haiwezi kuchukuliwa jioni moja kwa sababu mkubwa fulani amekasirika. Anajua pia upande wa pili, kwamba anayeipalilia kahawa siye anayefaidi bei yake kubwa huko inakonyweka. Wachagga walianzisha chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, ili mkulima awe na sauti katika kuuza jasho lake. Wachezaji wa Zaire hawakuwa na ushirika wala chama cha kuwasemea. Mwepu alikuwa na mguu wake tu.

Klabu yake iliendelea kung'ara. TP Mazembe ilitwaa tena ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mwepu alikuwa hai. Safari hiyo, watu wa Lubumbashi waliwaacha Wabrazili wameduwaa kwa mabao halali.

Mwaka 2011 Mazembe ilimsajili kijana wa Kitanzania kutoka Simba, Mbwana Samatta. Alikaa huko hadi Januari 2016, akatwaa ubingwa wa Afrika wa mwaka 2015 akiwa miongoni mwa wafungaji bora, akachaguliwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kisha akauzwa kwa Genk ya Ubelgiji. Njia ile ile ya kutoka Lubumbashi kwenda Ubelgiji ambayo Mwepu na wenzake walizibiwa, Samatta aliipita kwa mkataba na kwa hiari yake.

Mwepu hakuishi kuuona ubingwa huo wa mwaka 2015. Alifariki dunia Mei 8 mwaka huo, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na umri wa miaka 65. Taarifa nyingi za kifo chake zilizotolewa Ulaya ziliambatanishwa na picha zile zile za sekunde chache za Gelsenkirchen. Ubingwa wa Afrika wa mwaka 1974 ulitajwa chini kabisa, kwa wale waliosoma hadi mwisho.